Siku Jua Liliposimama Juu ya Vichwa Vyetu

Nyuma ya mlango wa jiko langu, hapa Butembo, kuna fimbo ya mkaratusi yenye urefu wa mita moja kamili. Watoto wa nyumbani wanajua kwamba si ya kufukuzia mbuzi wala ya kuchapia mtu. Siku moja jirani aliiomba aanikie nguo, nikamnyima, akashangaa sana. Leo nataka kuwaeleza wamama wenzangu sababu ya uchoyo huo.

Fimbo hiyo ilikatwa Machi 2019, kwa ajili ya sikukuu ya chama ambacho hatujawahi kuona ofisi yake hapa kwetu. Ni Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, ambao kwa Kifaransa huandikwa kwa herufi UAI. Ulizaliwa Bruxelles tarehe 28 Julai 1919, kwa hiyo mwaka ule ulikuwa unatimiza miaka 100.

Msiwachanganye watu hawa na wapiga ramli. Hawasemi nani ataolewa mwaka huu wala biashara ya nani itafilisika. Kazi yao ni kupima, kuhesabu na kukubaliana majina. Wao ndio walioligawa anga lote katika makundi 88 ya nyota, na aliyechora mipaka ya makundi hayo ni Mbelgiji, Eugène Delporte. (Wabelgiji na mipaka, hiyo ni habari ya siku nyingine.) Wao pia ndio waliokutana Praha mwaka 2006 wakaitoa Pluto kwenye orodha ya sayari. Hapo nina lawama kwetu sisi walimu: uamuzi ulipita zamani, lakini daftari nyingi za watoto bado zina sayari tisa, maana mwalimu huandika ubaoni kile alichoandikiwa na mwalimu wake. Mtoto wako akikuletea tisa, mwambie ni nane. Asibishane na mwalimu, amwulize tu kwa adabu.

Habari za sikukuu nilizisikia redioni, mwishoni mwa 2018. Kilichonivuta ni kwamba wakubwa wa chama hawakutaka kula keki yao peke yao. Walisema watu wote tuko chini ya anga moja, kwa hiyo kila mtu amealikwa: shule, vijiji, wapita njia wa sokoni. Jambo la kwanza kubwa lilikuwa saa 100 za kutazama nyota, kuanzia 10 hadi 13 Januari 2019. Katika nchi nyingi wenye darubini wangezitoa uwanjani usiku, na yeyote anayepita angekaribishwa kuutazama mwezi bure.

Mnakumbuka Januari yetu ilivyokuwa. Ebola ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na sasa ilikuwa ndani ya kartiye zetu. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba ulikuwa umefanyika bila sisi. Beni na Butembo tuliambiwa tungoje hadi Machi. Na usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari, siku ileile saa 100 zilipoanza, rais alitangazwa redioni bila kura zetu. Huko Beni watu walikuwa wakilala masikio wazi tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza.

Yaya wangu anakaa Beni. Nilipompigia simu kumweleza kwamba dunia nzima inaalikwa kutoka nje usiku, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, hao wanaotualika, wanajua usiku wetu ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Saa 100 zikapita. Nilitazama nyota peke yangu ndani ya parsele, dakika kama kumi, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango.

Lakini lile swali la yaya halikuniacha. Nikawaza: kama usiku si wetu, mchana je? Jua nalo ni nyota, tena ndiyo nyota yetu ya karibu kuliko zote. Na sisi watu wa Butembo tuna kitu ambacho wenye darubini kubwa za Ulaya hawana. Ikweta inapita hapa karibu. Ukitoka mjini ukishika njia ya Lubero, kabla hujafika Lubero umekwisha kuivuka, upande wa Musienene. Mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama pale juu kabisa, wima, na kitu kilichosimama wima hakitoi kivuli. Tunafundisha hilo darasa la sita kwa kuchora duara ubaoni. Mimi mwenyewe nililifundisha miaka minne bila kwenda kulitazama, na ni mwendo wa kilomita kumi na kitu tu.

Basi nikaamua sikukuu yetu iwe Jumatano tarehe 20 Machi, adhuhuri, kwenye Ikweta. Nililipeleka wazo kwa direkta wa shule, naye akanituma kwa wazazi. Wazazi wa watoto wangu ni wamama wa MUSO moja, wanaokutana Jumapili baada ya ibada kuweka akiba yao. Nikaenda nikakaa kwenye benchi kama mgeni.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza. Ilikuwa mwanzo wa Machi. Mwisho wa Februari vituo vya kutunza wagonjwa wa Ebola vilikuwa vimeshambuliwa, kwanza Katwa, siku tatu baadaye hapa Butembo. Mji ulikuwa umejaa magari ya wageni na umejaa maneno. Mtu akishika kifaa asichokijua jirani yake, tayari ni shida. Nami nikasimama mbele ya wamama hawa nikisema kwamba kuna chama cha kimataifa, kimetimiza miaka 100, kinataka tushiriki.

Mama mmoja muuza samaki aliuliza: "Madamu, hao watu wa nyota wanatupa nini?" Nikasema, hawatupi kitu. "Basi wanatuchukua nini?" Nikasema, hawatuchukui kitu. Akawageukia wenzake: "Sasa hapo ndipo ninapoogopa." Wote wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na ukweli. Wengi waliokuja kwetu miaka ile walituhesabu, wakatupima joto, wakatupiga picha, wakatuwekesha sahihi, wakaondoka.

Tulizungumza zaidi ya saa moja. Mwishoni wao wenyewe waliweka masharti. Mgeni yeyote asiwepo. Mashine yoyote isiletwe. Picha zisipigwe. Jina la mtu lisiandikwe popote. Na kila atakayekwenda alete kitu chake cha kupimia, asipewe kitu. Nilidhani wamenivunjia sikukuu. Kumbe ndio walioitengeneza, maana ile "alete kitu chake" iliwashughulisha juma zima. Mmoja alimwomba mume wake mwashi timazi, ule uzi wenye jiwe la chuma la kujua kama ukuta umesimama sawa. Mwingine alileta chupa ndefu. Mwingine mche wa kusagia sombe. Mtoto wa darasa langu ndiye aliyekata ile fimbo ya mkaratusi, nikaipima kwa rula ya ubaoni hadi ikawa mita kamili.

Tulikwenda watu wazima kumi na moja na watoto wa darasa la sita, kwenye gari la kubeba makabichi. Kizuizini tulishuka wote, tukanawa mikono kwa maji yenye klori, tukapimwa joto kwenye paji la uso, tukapanda tena. Dereva alikuwa na simu yenye ramani. Yeye ndiye aliyetusimamisha aliposema nambari zimefika sifuri. Hapakuwa na cha ajabu: barabara ya udongo mwekundu, shamba la maharage, nyumba mbili. Mama mwenye shamba alitoka akauliza tumepotea njia? Tukamweleza kwamba Ikweta imepita kwenye maharage yake. Akasema anakaa hapo miaka yote na hajaiona ikipita.

Tulisimamisha fimbo, timazi ikatuonyesha kwamba imelala kidogo, tukairekebisha. Wingu likaja. Machi ni mwezi wa mvua, mnajua. Saa tano na nusu wingu, saa sita kasoro robo wingu. Ili watoto wasichoke niliwasimulia kwamba mwaka uleule wa 1919 chama kilipozaliwa, tarehe 29 Mei, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa amesimama kwenye kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi wa Afrika, si mbali na mstari huu wetu, akingoja kupatwa kwa jua ili ajue kama hesabu za Einstein ni za kweli. Asubuhi ile mvua ilimnyeshea, na mawingu yalikuwa bado hayajaondoka jua lilipofunikwa. Hata hivyo alipata picha chache, nazo zilitosha. Kivuli kilekile cha mwezi kilikuja kuikata Kongo yetu siku hiyo. Babu zetu walikiona; hakuna aliyewauliza waliona nini.

Saa sita kamili jua lilitoka, na kivuli cha fimbo kilikuwepo! Kidogo, lakini kilikuwepo. Muuza samaki akanitazama kwa jicho la sokoni. Ilinibidi nieleze kwamba saa ya mkononi ni mapatano ya serikali, na jua lina saa yake; mwezi wa Machi adhuhuri ya kweli ya kwetu hufika kama dakika kumi baada ya saa sita, na mwezi wa Septemba hutangulia kama dakika tano. Tukangoja. Kivuli kikapungua kama maji yanayokauka kwenye saruji. Saa sita na dakika kumi kilibaki duara la fimbo yenyewe, basi. Chupa haikuwa na kivuli. Mche haukuwa na kivuli. Watoto walitazama chini wakaona vivuli vyao vimekuwa kama mikeka midogo chini ya miguu, wakaanza kuruka juu waone kama vitatoroka. (Niliwakataza kabisa kulitazama jua lenyewe, na ninyi wakatazeni watoto wenu siku zote. Tulikuwa tunatazama ardhi.)

Koko mmoja, mama wa yule mwashi, alikuwa ameketi pembeni bila kusema kitu. Mwisho akasema kwa utulivu: "Lakini hili ninalijua. Nikilima mwezi wa sita, saa sita kivuli changu kinaanguka upande wa Lubero. Nikilima karibu na Noeli, kinaanguka upande wa Beni. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na siku hakiendi popote." Nilikuwa nimekuja na diploma yangu kumfundisha, naye alikuwa na mzunguko wote wa jua mgongoni mwake. Ni kweli kabisa. Juni jua hukaa kaskazini yetu, na fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 43 kuelekea kusini. Desemba ni hivyohivyo kuelekea kaskazini. Tangu siku ile, nikifundisha somo hilo naanza na jembe, si na duara.

Mwenye maharage alituchemshia chai. Tukaimba "Joyeux anniversaire" kwa ajili ya chama ambacho hakitajua kamwe kwamba kiliimbiwa, tukarudi mjini kabla ya mvua.

Sikukuu ya wenyewe iliendelea mwaka mzima. Baadaye nikajua kwamba walioongoza chama mwaka ule wa miaka 100 walikuwa wanawake wawili: rais Ewine van Dishoeck wa Uholanzi, ambaye katika utafiti wake hutafuta, pamoja na mengine, maji yaliyomo kwenye mawingu ambamo nyota huzaliwa, na katibu mkuu Teresa Lago wa Ureno. Niliwaambia wamama, nao wakapenda hasa ile habari ya mwanamke anayetafuta maji mbali hivyo. "Sisi tunadhani Kimemi ni mbali," alisema mmoja.

Jambo jingine walilofanya ni kuzipa nchi nafasi ya kuita kila moja nyota moja na sayari yake kwa lugha ya nyumbani, raia wakipendekeza na kupiga kura. Tarehe 17 Desemba 2019 majina ya nchi 112 yalitangazwa. Waethiopia waliiita nyota yao Buna, yaani kahawa, na sayari yake Abol, ambalo ni jina la mzunguko wa kwanza wa kahawa katika ile mitatu ambayo mama wa Kiethiopia humimina mbele ya wageni. Fikirini, kazi ya jikoni imeandikwa mbinguni! Na sisi mji wa kahawa tulikuwa tumekaa. Niliwauliza wamama wangeita nini. Muuza samaki alisema Sombe, maana ni jina ambalo hakuna Mkongomani angelisahau.

Yaya alizipata habari hizi zote kwa simu, na kila mara alijibu: "Ninyi mna mchana. Njoo utupe sisi usiku." Ilinichukua miaka sita kumtii.

Tarehe 7 Septemba 2025, Jumapili, mwezi ulikuwa upatwe kabisa, tena jioni mapema, saa ambazo watu bado wako macho. Jumamosi nilipanda moto kwenda Beni. Ni kilomita 54 hivi: unaacha baridi ya Butembo, unateremka kupita Maboya na Kabasha, na joto linakuvua sweta pole pole. Njia hiyo naipenda na naiogopa. Kuna nyumba zisizo na mtu, na kuna migomba inayokomaa bila mwenyewe.

Yaya alikuwa amewaita wamama wa parsele yake na za jirani, na ndani yao kulikuwa na waliokimbia kutoka upande wa Mbau. Tulikaa ndani ya uzio, lango limefungwa, taa zimezimwa, sauti chini. Mapema mchana nilikuwa nimeandika saa kwenye karatasi ya boksi nikaibandika langoni kila mtu aisome: saa kumi na mbili na dakika 27 mwezi utaanza kuliwa, saa moja na nusu utakuwa mwekundu mzima, saa mbili na dakika 52 utaanza kurudi. Mwezi ulifuata karatasi kama mwanafunzi mzuri. Ulipokuwa mwekundu kabisa, mwanga wake ukaisha, na nyota zilizokuwa zimejificha zikatoka zote kwa pamoja. Chini yake kidogo tuliiona Zohali. Upande wa magharibi alikuwepo Nge na mkia wake. Mama mmoja alisema hajakaa nje saa hiyo, akatazama juu badala ya kutazama lango, tangu alipotoka kwao.

Wengine walisema ni damu. Nikaeleza kwamba dunia yetu imesimama kati ya jua na mwezi, na mwanga unaopita pembezoni mwa dunia, ndani ya hewa yetu, unafika kule ukiwa mwekundu, kama ule wa jua linapotua. Kwa hiyo ile rangi ni machweo yote ya dunia yameanguka juu ya mwezi. Walikubali kwa heshima. Sijui kama waliamini. Jumatatu alfajiri nikarudi, nikaingia darasani nimechelewa.

Usiku wa Jumatatu hiyo, tarehe 8, huko Ntoyo katika teritware ya Lubero, wauaji waliwaingilia watu waliokuwa kwenye matanga. Zaidi ya watu 60 waliuawa.

Jumanne yaya alinipigia. Nyuma yake nilisikia sauti za wale wamama. "Mdogo wangu, wanasema mwezi ulitwambia."

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuombwa jibu zito kama lile. Nilimwuliza kama ile karatasi bado iko langoni. Ilikuwepo. Nikamwambia: wasomee tena zile saa. Wenye elimu ya nyota walizijua miaka mingi kabla, kwa hesabu, na mwezi haukuwa na uwezo wa kuchelewa hata dakika moja wala kubadili njia. Ulipita hivyohivyo juu ya Asia, juu ya Kenya, juu ya Afrika Kusini. Lakini waliokwenda Ntoyo hawakuandikwa kwenye karatasi yoyote. Hakuna nyota iliyowatuma. Walichagua wenyewe siku, walichagua nyumba, na wangeweza kutokwenda.

Pakawa kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama mwingine, ya mbali kidogo na simu: "Kumbe mwezi haumo kwenye kesi."

Hatukuzungumza tena habari za mwezi kwa majuma kadhaa. Kulikuwa na vilio. Lakini juzi yaya alinipigia kuuliza fimbo ya Ikweta inakatwa urefu gani. Siwezi tena kuwapeleka watoto kule kwenye maharage, njia za Lubero zimekuwa ngumu, lakini fimbo inaweza kusimama nyumbani. Tumepatana kwamba Ijumaa tarehe 20 Machi 2026, kama dakika kumi baada ya saa sita ya mchana, yeye atasimamisha ya kwake Beni na mimi ya kwangu Butembo. Beni iko mbali zaidi kidogo na Ikweta, kwa hiyo kivuli chake kinapaswa kuwa karibu sentimita moja, na changu milimita chache tu. Tutapigiana simu tulinganishe. Anayetaka kujiunga, popote alipo kati ya miji hii miwili, akate fimbo ya mita moja, atafute timazi kwa mwashi yeyote, na asisahau kwamba saa sita ya jua si saa sita ya simu. Yaya ameuliza kama mwanzi unafaa badala ya mkaratusi. Nimemjibu unafaa, mradi usipinde.